Densiti ya maji ya bahari: pima kwa chupa ya soda, kisha geuza vizio

Zoezi hili nawapa watoto wa tuisheni hapa Tanga kila tukifika mada ya maada na vipimo. Juzi nimelirudia na binti wa jirani, yuko kidato cha kwanza, mtihani ulikuwa kesho yake. Alikwama palepale wanapokwama karibu wote, hatua ya 4. Nyingine ni za kupita tu.

Hatua ya 1. Chota maji ya bahari, Raskazone au popote ufukweni, uyaache mchanga utuame. Maji ni maada: yana tungamo na yanachukua nafasi. Tungamo ukiligawa kwa ujazo unapata densiti.

Hatua ya 2. Tafuta mizani ya kidijitali ya jikoni na chupa ya soda ya kioo. Nasema kioo. Ya plastiki ukiishika inabonyea, maji yanamwagika, na ujazo umeshabadilika bila wewe kujua. Mizani ya saa ya sokoni waachie wauza viazi, haioni gramu tano.

Hatua ya 3. Pima chupa ikiwa tupu na kavu. Jaza maji ya bomba hadi mdomoni kabisa, gonga ubavuni viputo vitoke, futa nje, pima. Mwaga, suuza kwa maji ya bahari, jaza hayo hadi mdomoni, pima tena.

Tuseme umepata 410 g, 770 g na 779 g. Maji ya bomba ni 360 g. Gramu moja ya maji huchukua karibu sentimita moja ya ujazo, ambayo ndiyo mililita moja, kwa hiyo chupa inabeba 360 cm³. (Joto letu la Tanga linaleta tofauti ya karibu nusu asilimia. Tuiache.) Maji ya bahari ni 369 g, na 369 ÷ 360 = 1.025 g/cm³.

Hatua ya 4. Sasa mtihani unataka kg/m³.

Ile ngazi ya shule ya msingi, km, hm, dam, m, dm, cm, mm, ya kusogeza nukta, iweke kando. Kwa urefu inafaa. Kwenye ujazo kila daraja ni nukta tatu, si moja, na hapa kuna gramu za kugeuza juu na sentimita chini kwa wakati mmoja. Mtoto anasogeza kulia, anasogeza kushoto, mwisho anabahatisha.

Andika sehemu, pamoja na vizio vyake, kila mstari. Kizio kilicho juu unachotaka kukiondoa, kiweke chini kwenye sehemu inayofuata. Kilicho chini, kiweke juu:

1.025 g/cm³ × (1 kg / 1000 g) × (1,000,000 cm³ / 1 m³)

Kata g kwa g, cm³ kwa cm³. Zinabaki kg juu na m³ chini. Kama vilivyobaki si vizio ulivyoombwa, umegeuza sehemu moja kichwa chini, na umelijua hilo kabla ya kushika kikokotoo.

Ile milioni ndiyo inayowaumiza. Wanajua 1 m = 100 cm, basi wanaandika 1 m³ = 100 cm³. Lakini ujazo ni urefu mara upana mara kimo, na kila mmoja una sentimita zake 100: 100 × 100 × 100. Binti aliweka 100 akapata 0.1025 kg/m³. Sikumwambia amekosea. Nilimuuliza sanduku la mita moja kila upande linaingia madebe mangapi ya lita 20. Tukapiga hesabu: lita 1000, madebe 50. Akacheka mwenyewe. Madebe hamsini ya maji yawe na gramu mia na kidogo?

Jibu ni 1025 kg/m³. Debe moja la maji ya bahari ni kilo 20.5, na 20.5 × 50 ni 1025. Hakiki hivyo kila mara.

Hatua ya 5. Kadiria mwishoni, si katikati. Mizani imetupa tarakimu tatu, 369 na 360, basi jibu la kuandika ni 1030 kg/m³, au 1.03 × 10³ kama mwalimu wako anataka tarakimu zenye maana zionekane.