Mimba ya mapacha: panga usalama wa mama kabla ya nguo za watoto

Ukishaambiwa ni wawili, simu za pongezi haziishi, na kabla wiki haijakatika ndugu wameshawaita Kulwa na Doto. Anayesahaulika ni mama. Presha, kifafa cha mimba, upungufu wa damu, kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua: yote haya humpata hata mwenye mtoto mmoja, ila mwenye mapacha yuko karibu nayo zaidi.

Altrasaundi ifanyike mapema, ikiwezekana kati ya wiki ya 11 na ya 14. Hapo ndipo mtaalamu huona vizuri kama kila mtoto ana kondo lake au wanagawana moja, na jibu hilo ndilo linaloamua utafuatiliwa kwa ukaribu kiasi gani na utajifungua lini. Liandikwe kwenye kadi ya kliniki. Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana. Mtoto akishazaliwa, mkunga humchoma mama sindano ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu isitoke nyingi. Ikichomwa huku pacha wa pili hajulikani na bado yumo ndani, inaweza kuwa balaa kwake na kwa mama.

Presha ipimwe kila hudhurio, na mkojo pia uangaliwe protini. Mwulize daktari kuhusu aspirini ya dozi ndogo. Kwa mjamzito mwenye hatari kubwa huanzishwa baada ya wiki ya 12, na husaidia zaidi ikianza kabla ya wiki ya 16, lakini si ya kujinunulia duka la dawa. Kichwa kikigoma kutulia, macho yakiona ukungu au vimulimuli, uso ukivimba ghafla, au ukiumwa chini ya chembe ya moyo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usiambiwe na mtu kwamba ni uchovu wa kubeba wawili.

Vidonge vya kuongeza damu ni vya kila siku, na usivishushie kwa chai, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Lala ndani ya chandarua, maana malaria nayo hula damu. Wingi wa damu upimwe tena mimba inapokua, kwani anayeingia leba akiwa na damu pungufu hana akiba ya kupoteza.

Sasa mahali pa kujifungulia, na hapa sina upole. Mapacha si wa nyumbani wala si wa zahanati. Mfuko wa uzazi uliotanuliwa na watoto wawili unaweza kushindwa kujikaza, na usipojikaza mishipa ya damu pale kondo lilipobanduka hubaki wazi. Damu hiyo haingoji gari litafutwe. Zaidi ya hapo, wa kwanza akishatoka, wa pili anaweza kugeuka akalala kikingamo, na upasuaji ukahitajika papo hapo. Chagua hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, usiku na mchana. Kama ni mbali, hamia kwa ndugu aliye karibu nayo wiki kadhaa kabla ya siku uliyopangiwa.

Mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki ya 37, kwa hiyo begi na nauli viwe tayari kufikia wiki ya 28. Baba watoto ajue kundi la damu la mkewe, azungumze mapema na ndugu wawili watatu walio tayari kuchangia, na awe na namba ya dereva anayepokea simu saa nane za usiku. Kwa Tanzania, huduma ya m-mama, ya kumsafirisha mama hadi hospitali, hupatikana kwa kupiga 115 bila malipo pale inapotokea dharura ya uzazi. Mkubaliane pia nani atatoa uamuzi iwapo baba yuko safarini. Kikao cha ukoo hakiitishwi mama akiwa anavuja damu.

Baada ya kujifungua, mama asikimbizwe nyumbani. Saa 24 za kwanza awe chini ya macho ya wauguzi, na pedi ikilowa chapachapa kwa muda mfupi waitwe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akishindwa kupumua vizuri, huenda damu imeganda kwenye mishipa. Kifafa cha mimba nacho kinaweza kuja hata baada ya uzazi. Kwa wiki sita za mwanzo, kichwa kikimuuma sana au macho yakiingia ukungu, arudishwe hospitali hata kama siku aliyoruhusiwa presha ilikuwa sawa.