Mwandishi mwenzako akikukaa kichwani

Dalili ya kwanza hutokea kwenye karatasi. Umeandika sentensi, ukiisoma kwa sauti unamsikia yule mwandishi mwenzako. Unajua jana kalala wapi, kamkopa nani, lini kaacha dawa. Na hadithi yako mwenyewe iko ukurasa wa nne tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi. Kujikataza kumfikiria hakutakusaidia. Tenganisha vitu viwili vilivyogandana kichwani mwako: sentensi zake na shida zake. Sentensi ni ufundi, na ufundi hufunzika.

Nunua kaunta buku. Chagua hadithi yake moja, unakili kwa mkono ukurasa mmoja kila siku kwa siku 10, baada ya sala ya alfajiri, kabla simu haijaanza kulia. Andika upande wa kulia tu. Upande wa kushoto ni wa hesabu: kila sentensi ina maneno mangapi, imeanzaje, kitenzi kimekaa wapi, mazungumzo yameingia baada ya mistari mingapi. Usichague ukurasa anaosifiwa nao. Penye kifo au mapenzi msomaji huchukuliwa na jambo lenyewe. Penye mtu anayetoka nyumbani kupanda daladala ya Darajani, mjini Unguja, huchukuliwa na mwandishi peke yake. Nakili huo.

Asubuhi ya pili, kabla ya kunakili ukurasa mpya, funga kitabu uandike wa jana kwa kumbukumbu, kisha linganisha. Ulipokosea ndipo penye somo. Tuseme yeye kaandika: "Kaingia. Kakaa. Chai ikapoa." Wewe umekumbuka: "Aliingia akakaa kitini huku chai ikiendelea kupoa." Yeye kaiachia chai ituonyeshe muda uliopita bila neno kusemwa. "Huku" na "ikiendelea" zako zimekwenda kuueleza muda huo, na kimya chote kimetoka. Andika hilo upande wa kushoto, kwa maneno yako.

Usinakili kwa kompyuta: vidole hukimbia kuliko sikio. Wanaopitisha siku 10 hupata zaidi ya walichotaka: sauti yake huota mizizi. Na mazoezi haya hayachapishwi, hata aya moja.

Kisha, ili sauti yake ing'oke, siku 30 usimsome kabisa. Jioni kaa barazani karibu na muuza kahawa, sikiliza, ukirudi andika mistari 20 kama watu walivyosema, bila kuisafisha iwe sanifu. Mwezi ukiisha, chukua kurasa 3 za mwisho za hadithi yako na kalamu nyekundu. Pigia mstari kila neno lililotoka kwake ambalo nyumbani kwenu halisemwi. Ukurasa wenye mistari zaidi ya 5 uandike upya wote. Ukibadilisha neno mojamoja, mwendo unabaki wake.

Sasa shida zake. Wengi hudhani maumivu ndiyo yanayoandika, wakaanza kuyatamani. Tazama Shafi Adam Shafi, mwandishi wa riwaya wa Zanzibar: alitiwa kizuizini baada ya kuuawa Abeid Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, Aprili 1972, lakini Haini, riwaya yenye habari za kifungo, ilitoka 2003. Katikati hapo alikuwa ameshatoa riwaya nyingine, ikiwemo ya makuli wa bandarini. Hiyo ni miaka 31 ya kazi na subira, na hakuna gereza linalompa mtu hayo.

Ukienda kumtazama mwenzako, nenda kama jirani: chukua mkate, kaa nusu saa, usiulize kitabu. Akitaja kujidhuru, usiandike chochote na usimwache peke yake. Waite watu wake mara moja, apelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja au ile ya wagonjwa wa akili, Kidongo Chekundu.

Ukitaka kumwandika, kubadili jina hakutoshi. Unguja watu humjua mtu kwa baiskeli yake na msikiti anaosalia. Badilisha kazi, mtaa na maradhi, vyote vitatu, kisha msomee mwenyewe siku aliyo mzima. Akikataa, hadithi hiyo iache.

Akikukabidhi daftari zake, usizipokee bila maandishi. Andikeni karatasi mbili: idadi ya daftari, idadi ya kurasa, tarehe, na kwamba ni amana, si zawadi, nyote mtie saini, kila mmoja abaki na yake. Piga picha kila ukurasa mchana, karibu na dirisha, jua lisipige moja kwa moja. Masika ndiyo adui mkubwa. Watu hufunga daftari kwenye mfuko wa plastiki wakidhani wamezihifadhi, kumbe unyevu umefungiwa ndani, na baada ya wiki chache kurasa zimeota ukungu na wino umetambaa. Zianike kwanza kivulini penye upepo, zikiwa wazi, siku mbili au tatu. Kisha ziweke juu ya rafu, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, maana kuta zetu za mawe na chokaa hutoa maji na mchwa hupandia humo. Kila Ijumaa zifungue uzipepee.