SOMO: Kuziba tundu la XSS kwenye tovuti ya PHP

Wakuu, XSS (Cross-Site Scripting) ni udhaifu unaompa mtu wa nje nafasi ya kupandikiza JavaScript yake (msimbo unaoendeshwa na kivinjari) kwenye ukurasa wako. Kivinjari cha kila anayeufungua kinaiendesha, maana kinaona imetoka kwako.

Oktoba 2005 Samy Kamkar aliweka msimbo wa aina hiyo kwenye wasifu wake wa MySpace, mtandao wa kijamii. Aliyeutembelea alimwongeza Samy kuwa rafiki bila kujua, na msimbo ukajinakili kwenye wasifu wa mgeni huyo. Ndani ya saa 20 akaunti zaidi ya milioni 1 zilikuwa zimeukwaa. MySpace walikuwa wanachuja neno "javascript"; yeye alilikata katikati kwa mstari mpya, na baadhi ya vivinjari vya wakati ule vikalisoma tu. Ndiyo maana siamini kabisa orodha za maneno yaliyopigwa marufuku.

Hatua ya 1. Tafuta kila echo na kila <?= kwenye mradi wako, yaani kila mahali PHP inapochapisha data kwenye ukurasa. Usiishie kwenye maoni. Angalia jina la mtumiaji, neno lililotafutwa, hata jina la faili lililopakiwa.

Hatua ya 2. Safisha pale unapochapisha:

echo htmlspecialchars($jina, ENT_QUOTES, 'UTF-8');

Alama < inageuka &lt; na kuonekana kama maandishi ya kawaida. ENT_QUOTES iandike. Kabla ya PHP 8.1, ukiiacha, nukuu moja (') inapita, na hiyo inatosha kuchomoka kwenye value='...'.

Hatua ya 3. Viungo vina mtego wake: hatua ya 2 haizuii anwani inayoanza na javascript:. Kubali http na https tu.

Hatua ya 4. Upande wa JavaScript, tumia textContent (huweka maandishi matupu) badala ya innerHTML (huyasoma kama HTML).

Hatua ya 5. Kuki ya kuingilia (alama inayomtambulisha aliyeingia) iwe HttpOnly, ili skripti isiisome, kisha ongeza Content-Security-Policy, inayokiambia kivinjari skripti zipi ziruhusiwe.

MASWALI

*Mkuu, natumia prepare() ya PDO kutuma data kwenye databesi. Bado nahitaji haya?*
Sana. Ile inalinda databesi dhidi ya amri za SQL zilizopandikizwa, si ukurasa. <script> itahifadhiwa vizuri na itatoka vilevile ilivyoingia.

*Kwa nini nisisafishe wakati wa kuhifadhi, nimalizane nayo?*
Kwa sababu hujui data itatumika wapi kesho. Mteja anaitwa Ng'wandu; ukisafisha mapema, SMS yake itasomeka Ng&#039;wandu. Hifadhi kama alivyoandika.

*Watu wangu wanataka herufi nzito na picha.*
Tumia HTML Purifier, maktaba ya PHP inayoruhusu tagi ulizozichagua tu. Kichujio cha kujitungia kwa regex (ruwaza za kutafuta maandishi) usithubutu.

*Nikiwa na HttpOnly si inatosha?*
Hapana, kiongozi. Inazuia skripti kusoma kuki, basi. Msimbo wa Samy haukuhitaji kuiba kuki ya mtu. Ulituma maombi ukiwa ndani ya kivinjari cha mwenye akaunti, na kuki ikaenda yenyewe.