Somo: Kuitembeza familia Cork na vijijini kwake bila kuwachosha watoto

Habari zenu wadau. Watu wengi wakija Ireland na watoto wanapanga Dublin, Galway, Cliffs of Moher na Belfast, vyote ndani ya wiki moja, matokeo yake watoto wanaiona nchi kupitia dirisha la basi na wazazi wanarudi nyumbani hoi. Mimi naishi Cork, mji wa pili kwa ukubwa hapa, na msimamo wangu ni huu: chukueni nyumba Cork mjini, tulieni hapo hapo, kila siku kitu kimoja kikubwa tu, na mvua ndiyo iwapangie ratiba, sio karatasi. Ndani ya mwendo mfupi unapata mji, bahari, visiwa, wanyama na milima.

HATUA YA 1: Karatasi na safari ya kufika

Ireland haimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukiwa na pasipoti ya Kenya au Tanzania unahitaji viza ya Ireland yenyewe, hata kama una kibali cha kuishi Ujerumani au Uingereza. Ombeni mapema, na kila mtoto aombewe ya kwake. Mkishukia Dublin, treni za Cork zinaondokea stesheni ya Heuston, ni masaa mawili na nusu hivi. Kateni tiketi mtandaoni kabla, bei inapungua na viti mnachagua, maana kukaa wanne kwenye meza moja na watoto ni raha kubwa kuliko kutawanyika behewa zima.

HATUA YA 2: Siku ya kwanza msiende mbali

Anzeni English Market, soko la ndani lililopo tangu 1788, katikati kabisa ya mji. Samaki wa kila aina wamelazwa kwenye barafu, watoto wanasimama hapo wanashangaa midomo wazi. Kuna utumbo pia, watu wa Cork wanaupenda tangu zamani, wanaula na soseji ya damu inaitwa drisheen (Waislamu hiyo pita mbali).

Baada ya hapo pandeni Shandon, kanisa la St Anne lililojengwa 1722. Mnara wake una pande mbili za mawe mekundu na mbili za mawe meupe, ndio rangi za Cork mpaka kwenye jezi. Ukipanda unapewa vizuia sauti vya masikioni na unapiga kengele MWENYEWE, kuna kamba zenye namba na karatasi za nyimbo, unafuata namba tu, mji mzima unasikia mtoto wako anavyopiga. Sijaona mtoto aliyeshuka pale bila kucheka. Ila ngazi ni 132 na juu zinabana, kigari cha mtoto kiache chini.

Jioni Fitzgerald Park, bure. Kuna mapembea, mto Lee unapita pembeni, na kuna daraja la kamba la waenda kwa miguu la mwaka 1926 linalotikisika ukikanyaga. Walilifanyia ukarabati wakalifungua tena 2020 na kutikisika kwake hawakukuondoa, nawashukuru kwa hilo. Mwezi wa sita saa tatu na nusu usiku bado kweupe, kwa hiyo muda mnao mwingi, msikimbizane.

HATUA YA 3: Reli ya Cobh, hapa ndipo penye utamu

Kama mna siku mbili tu, siku hizo zitumieni kwenye reli hii. Treni ya Cobh inaondokea Kent Station, safari nzima ni kama dakika 25, na njiani inavuka maji kabisa. Nunueni Leap Card, kadi ya kulipia nauli, dukani, nauli inakuwa ndogo kuliko keshi, na ya watoto ipo.

Siku ya kwanza shukeni Fota. Stesheni iko mlangoni kwa Fota Wildlife Park, iliyofunguliwa 1983, ekari kama 100. Najua mtu wa Arusha au Nairobi atasema nisafiri mpaka Ulaya kuangalia twiga? Sikia. Watoto waliozaliwa huku wengi twiga wanamjua kwa katuni tu, na hawa wa Fota ni wa aina ya Rothschild, wale wale wa Uganda na wa Nakuru. Mtoto anamwona kwa macho, wewe unaanza kumsimulia nyumbani, maswali yanakuja yenyewe, hiyo kwangu ina thamani kuliko bembea lolote. Halafu duma: Fota wamezalisha watoto wa duma zaidi ya 200 na duma ndiye nembo yao. Kuna kangaruu wadogo na lemuri wa Madagaska wanazurura tu njiani, msiwalishe na msiwashike. Njia ni tambarare, vigari vinapita vizuri. Bebeni chakula chenu, sehemu za kukaa kula ziko nyingi.

Siku ya pili nendeni mpaka mwisho, Cobh penyewe. Zamani paliitwa Queenstown, jina lilibadilishwa 1920. Hapa ndipo Titanic ilisimama mara ya mwisho, tarehe 11 Aprili 1912. Ilikuwa kubwa mno kufika gatini, ikatia nanga nje, abiria 123 wakapelekwa kwa maboti. Ile ofisi ya tiketi ya kampuni ya meli hiyo sasa ni makumbusho, Titanic Experience: mnapewa kila mmoja tiketi yenye jina la abiria wa kweli, na mwishoni mnajua kama alipona au alizama. Watoto wa miaka minane kwenda juu wanashikwa sana na hili, wa chini ya hapo wanaweza kuogopa, mzazi upime. Nyuma ya jengo nguzo za mbao za gati la zamani bado zimesimama kwenye maji.

Karibu na stesheni kuna sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili wa kiume. Binti wa miaka 17, alipanda meli hapa Cobh mwisho wa 1891 na tarehe 1 Januari 1892 akawa mhamiaji wa kwanza kupita Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji kule New York. Takriban watu milioni 2.5 waliondoka Ireland kupitia bandari hii moja. Sisi ambao wenyewe tumehama naomba msipite haraka hapo, simameni, waelezeni watoto kwa nini watu huondoka kwao na nini wanakiacha nyuma. Wangu waliuliza kama bibi yao naye alilia siku tunaondoka.

Mkiwa na nguvu bado, feri inawapeleka Spike Island, kisiwa chenye ngome na gereza la zamani. Ni mwendo mfupi lakini tiketi za kiangazi zinaisha, kateni kabla.

HATUA YA 4: Blarney

Mabasi yapo kutoka mjini. Ngome ni ya 1446 na watu huja kubusu lile jiwe la juu eti unapata ulimi mtamu. Unalala chali, unashika vyuma, kuna mtu anakushika. Foleni ikishakuwa ndefu ni mateso kwa watoto, kwa hiyo fikeni geti linapofunguliwa au achaneni na jiwe kabisa muende bustanini. Kuna bustani ya mimea yenye sumu, kila mmea na maelezo yake, watoto wanaipenda kuliko ngome.

HATUA YA 5: Kodi gari siku moja au mbili tu, uende magharibi

Wanaendesha kushoto kama kwetu, huo ni msaada mkubwa. Gougane Barra ni ziwa lililozungukwa na milima, kanisa dogo liko kisiwani unafika kwa miguu, na mto Lee unaanzia hapo, yaani ule ule mliouona Fitzgerald Park. Ukisonga mbele ni Glengarriff, mnapanda boti kwenda Garnish Island na njiani mnapita sili wamelala juu ya mawe, boti inapunguza mwendo ili muwaone. Boti unalipa, na kuingia bustanini ukifika unalipa tena, ni malipo mawili tofauti. Makoti ya mvua na gambuti vikae kwenye buti la gari hata kama kumekucha jua kali.

MASWALI YA WADAU

Swali (mama wa wawili, Leicester): Nikija na feri kutoka Wales nasikia hawakagui sana, viza ya nini?

Jibu: Dada yangu, usijaribu. Sheria ni ile ile kwa ndege au feri, ukaguzi upo, na ukirudishwa mbele ya watoto rekodi hiyo inakufuata kwenye maombi mengine. Omba tu.

Swali: Chakula cha halali tunapataje tukiwa huko vijijini?

Jibu: Mjini Cork maduka na migahawa ya halali ipo. Vijijini tegemea samaki na chipsi, lakini uliza mafuta, sehemu nyingine wanakaangia mafuta ya ng'ombe na sehemu nyingine soseji za nguruwe zinapita karai hilo hilo. Mimi napika wali nyumbani natia kwenye chupa ya moto, tunakula popote.

Swali: Leseni ya Tanzania inakubalika?

Jibu: Kama mgeni ndiyo, mpaka miezi 12 ikiwa bado hai. Ila kampuni ya magari ina masharti yake ya umri, muulize kabla. Gari la oto liombe mapema, magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono. Na viti vya watoto ni sheria, mtoto aliye chini ya sentimita 150 na kilo 36 lazima awe na kiti chake, usimpakate. Barabara ndogo za vijijini zimeshushwa mpaka kilomita 60 kwa saa tangu Februari 2025, na hata hiyo kwenye kona ni nyingi.

Swali: Shikamoo mkuu. Nakuja na mama yangu, magoti yanamsumbua, nisimwache nyumbani wapi nimpeleke?

Jibu: Marahaba. Fota namba moja. Blarney mpeleke bustanini, ngome aiache. Shandon hapana. Cobh ina vilima vikali kwenda kule kanisa kuu la St Colman, kwa hiyo mkae chini ufukweni mwa bandari, viti vipo na stesheni iko jirani, na chukueni taksi kwenda juu. Likanyagwe au lisikanyagwe, lile kanisa ni zuri, lilichukua zaidi ya miaka 50 kujengwa na lina kengele 49, ukikaa bandarini unazisikia vizuri tu.