Kupanda Mlima Meru ukitokea Dar: mgongo wa Rhino Point hadi kileleni

Nimemaliza kumwandaa binamu yangu wa Tabata kwa safari ya Meru, na maswali aliyoniuliza ndiyo wanayouliza karibu wote wanaotoka Pwani. Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye afya njema ambaye hajawahi kuvuka mita 4,000.

Hatua ya 1: Miguu kwanza

Dar iko usawa wa bahari, kilele cha Meru kiko zaidi ya mita 4,560. Hakuna zoezi la hapa mjini litakalouzoesha mwili hewa nyepesi ya kule. Unachoweza kutengeneza hapa ni mapaja na magoti. Tafuta jengo la ghorofa nyingi, zungumza na mlinzi vizuri, kisha panda na kushuka ngazi ukiwa umebeba begi lenye chupa za maji. Usipande lifti wakati wa kushuka, maana kushuka ndiko kutakakokutesa Meru. Mbio za ufukweni Coco zinasaidia moyo na pumzi, ila goti halijifunzi kitu pale. Wiki chache kabla ya safari, chukua treni ya SGR hadi Morogoro ukapande kilele cha Lupanga, kwenye milima ya Uluguru. Ni mita 2,138 tu, lakini ni mwinuko mkali wa mizizi na utelezi. Kama kesho yake unashuka ngazi bila kushika ukuta, uko tayari.

Hatua ya 2: Viatu na nguo

Nenda Karume, mapema asubuhi. Buti la ngozi la mtumba linalofunika kifundo cha mguu nalipenda kuliko raba mpya ya dukani. Likunje kwa nguvu na uangalie pale soli inapokutana na ngozi. Viatu vilivyokaa muda mrefu stoo gundi yake hukauka, na soli hubanduka mlimani ghafla. Hata kama inaonekana nzima, mpe fundi viatu aishone kuzunguka yote. Nunua pia boshori, glavu mbili za kuvaa moja juu ya nyingine, koti la kuzuia upepo, na tochi ya kichwani yenye betri za akiba. Tochi ya simu usiitegemee. Fulana za pamba ziache nyumbani, zikilowa jasho hazikauki.

Hatua ya 3: Siku nne

Wapo watakaokuuzia siku tatu kwa sababu ni nafuu. Kwa mtu wa Dar, lipia siku nne. Nenda kati ya Juni na Oktoba, au Januari na Februari. Basi panda stendi ya Magufuli, Mbezi, la alfajiri, na ulale Arusha usiku huo.

Hatua ya 4: Momella hadi Saddle

Mnaanzia lango la Momella, Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Askari wa hifadhi mwenye bunduki ataongozana nanyi, kwa sababu ya nyati na tembo. Kaa karibu naye. Siku ya kwanza mnalala kwenye vibanda vya Miriakamba, mita 2,500 hivi, ya pili vibanda vya Saddle, kama mita 3,570. Mchana ule wa Saddle panda Little Meru, kilele kidogo cha jirani, mita 3,820, hata kama umechoka, kisha rudi ulale. Mwili unaanza kuzoea hapo.

Hatua ya 5: Mgongo wenyewe

Mnaondoka saa saba au nane usiku. Kunywa uji kabla. Maji yaweke kwenye chupa ndani ya soksi, mdomo ukiangalia chini, maana barafu huanza kuganda juu. Simu iweke mfuko wa ndani, baridi inamaliza chaji.

Hadi Rhino Point ni kupanda tu, kama saa moja. Baada ya hapo njia inashuka kidogo na kuingia kwenye miamba, na hapa ndipo watu hupoteza muda na ujasiri. Upande wa kushoto ni kasoko, yaani shimo la volkano, na genge lake linashuka mamia ya mita hadi chini. Gizani hulioni. Kunja fimbo zako za kutembelea na uzifunge kwenye begi kabla hujafika kwenye mwamba, usisubiri uwe katikati yake. Mikono yote miwili iwe huru. Kanuni ni moja: viungo vitatu vimeshika, kimoja ndicho kinasogea. Kama jiwe linang'aa kwenye mwanga wa tochi, huenda ni barafu, liguse kwa mkono kabla ya kulikanyaga. Egemea upande wa kulia, na usimulike mwenzako usoni.

Kuanzia hapo hadi Cobra Point, mita 4,350, ni majivu na changarawe. Unapiga hatua moja, unarudi nusu. Usishindane na kundi la mbele. Hatua moja, pumzi moja, hata kama unaona aibu kwa polepole yako. Utaona kilima utakachodhani ndicho kilele, utakifika, utakuta kingine. Vipo kadhaa, kwa hiyo usimuulize askari "bado kiasi gani?" kila dakika, muulize muda wa kupumzika unaofuata. Kichwa kikiuma kidogo ni kawaida. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganya maneno, au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, unashuka wakati huo huo, na mwenzako asikubembeleze uendelee.

Jua linachomoza na Kilimanjaro inaonekana upande wa mashariki. Piga picha ukiwa umesimama imara, usipige ukitembea.

Hatua ya 6: Kurudi kwenye mgongo huo huo

Wengi hawaogopi kupanda, wanaogopa kurudi, kwa sababu sasa wanaliona genge, liko mkono wa kulia. Niliyemsindikiza mara ya mwisho alikaa chini kwenye mwamba wa Rhino Point akakataa kusogea. Askari alishuka hatua mbili mbele yake, akamgusa buti na kusema, "Dada, weka mguu hapa, usinitazame mimi wala kule chini." Alifika. Nawe fanya hivyo: geuza uso uutazame mwamba, shuka kinyumenyume, na mtu mmoja asimame chini akuelekeze mguu. Kwenye majivu tanguliza kisigino, kunja magoti kidogo, na funga leso puani kwa ajili ya vumbi.

Kula Saddle kabla ya kuendelea Miriakamba. Bado mna mteremko wa mita elfu moja siku hiyo, na miguu iliyochoka ndiyo inayoteguka kwenye ngazi za njia ile.

Tiketi ya kurudi Dar usiikate kwa jioni ya siku ya nne. Lala Arusha, inua miguu juu ya mto, na upande basi kesho yake. Chagua kiti cha kando ya njia, ili uweze kunyoosha goti mpaka Mbezi.