Somo: Scania 113 ikitoa moshi mweupe na kutapika maji, usikimbilie hedi

Injini ya lori la Scania 113 ni ya lita 11 na ina hedi sita (vifuniko vya juu ya silinda), kila silinda na yake. Ndiyo maana inaniuma nikikuta zote sita zimefunguliwa kwa sababu tu tanki la maji lilitoa mapovu. Mwenye gari ameshanunua gasketi sita (vizibo vya kati ya hedi na bloku), na akifika mlima Kitonga gari linachemsha vilevile.

1. Anza injini ikiwa imelala usiku mzima. Mfuniko wa maji haufunguliwi injini ikiwa ya moto, utaungua uso. Maji yana utando wa oili? Shuku kwanza kipoza oili: injini ikiunguruma, presha ya oili huizidi ya maji.

2. Washa, tazama moshi. Mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli ni nozeli (kipulizia dizeli ndani ya silinda) au taimingi, yaani muda wa kupuliza dizeli. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto, wenye harufu tamutamu, huku maji yanapungua: silinda inakunywa maji. Wa bluu ni oili. Mweusi, anzia filta ya hewa na mipira ya tabo (turbo).

3. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Kompresa ya upepo wa breki inapozwa na maji hayohayo ya injini. Gasketi yake ikiungua, inasukuma upepo ndani ya maji, na mapovu yake huwezi kuyatofautisha kwa macho na ya hedi. Basi tazama geji ya upepo. Upepo ukijaa na kompresa ikapumzika, mapovu yanakoma? Kanyaga breki mara kadhaa upepo ushuke. Yakirudi, fungua kompresa, hedi ziache.

4. Yasipokoma, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) legeza nati ya bomba la nozeli ili silinda izimike, moja baada ya nyingine. Vaa miwani, weka kidole mbali, maana dizeli yenye presha hupenya ngozi. Silinda ambayo ukiizima mapovu au moshi unapungua, hedi yake ndiyo ya kufungua.

Maswali

*Fundi, nimetoa themostati kabisa, mlimani bado linachemsha.*
Irudishe, mkuu. Themostati, mlango wa maji unaofunguka kwa joto, ikifunguka huziba pia njia ya mkato. Bila hiyo, maji mengine yanazunguka tu bila kupita kwenye rejeta.

*Kwetu hakuna barafu. Maji ya bomba si yanatosha?*
Hayatoshi. Slivu za injini hii (mabomba ambamo pistoni hutembea) zimezungukwa na maji, na zikitetemeka vipovu vidogo huzitafuna kwa nje mpaka zinatoboka. Dawa iliyomo kwenye kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, ndiyo inayozikinga.

*Gasketi imeungua hedi moja. Nibadilishe ngapi?*
Hiyo moja. Ila kabla hujafunga, pima slivu imechomoza kiasi gani juu ya bloku. Ikiwa imezama, gasketi mpya nayo itaungua.