Ushuhuda wa dakika mbili

Mara nyingi mtu anaogopa kumshuhudia Kristo kwa sababu hajui aanzie wapi, wala si kwamba imani yake ni haba. Hata waumini wa Matendo 4:29 waliomba wapewe ujasiri, na Petro na Yohana walikuwa ndio kwanza wametoka mahabusu.

Andaa ushuhuda mapema: sentensi tatu za maisha yako ya zamani, nne za jinsi ulivyompokea Yesu, tatu za kilichobadilika nyumbani au kazini. Usome kwa sauti huku simu ikihesabu muda. Ukizidi dakika mbili, punguza. Futa lugha ya kanisani. "Nimefunikwa kwa damu" humwacha jirani njia panda, ila "niliacha pombe, nikaanza kurudi nyumbani mapema" anaelewa.

Kisha chagua mtu mmoja unayemfahamu, umwombee kwa jina wiki nzima. Akikueleza shida, labda mtoto anaumwa, muulize: "Mama Neema, naweza kukuombea sasa hivi?" Akikubali, omba nusu dakika, kwa sauti ya kawaida. Mazungumzo huanzia hapo.

Panapoharibika ni kwenye swali gumu: unabuni jibu, au unaanza kuponda dini ya mwenzako. Sema, "Hilo silijui, nitamuuliza mchungaji nikuletee jibu Jumatatu," na Jumatatu umpelekee kweli. Akisema hataki, badilisha mada, na kesho msalimie vilevile.